Beringi za spindo zinakufa kila baada ya miezi miwili: je, dawa ni seramiki?

"Habari mtaalamu. Nina mashine ya CNC (inayoongozwa na kompyuta) ya kuchonga mbao, spindo, yaani mota inayozungusha kisu, ni ya kilowati 2.2, inapozwa na maji, inaendeshwa na inveta na muda mwingi naizungusha 24,000 kwa dakika. Ndani ya mwaka nimeshabadilisha beringi za mbele mara tatu, seti ya mwisho haikumaliza hata miezi miwili, ilianza mluzi kidogo halafu ikawa inanguruma na pua ya spindo haishikiki kwa joto. Namba ni 7005, gololi za chuma. Kila nikifunga najaza grisi ya joto kali mpaka inafurika nikijua ndo itadumu. Hii ya mwisho nimeipasua nikaona njia ya gololi ina mistari mistari imejipanga kama bati la kuezekea. Kuna fundi ananiambia niachane na chuma ninunue seramiki tupu, ringi na gololi zote, eti haitaki hata grisi na haifi. Bei yake inatisha. Ni kweli hiyo ndo dawa au nitatupa hela?"

Nianze na jibu fupi ili usilale na wasiwasi: seramiki tupu usinunue. Gololi za seramiki ndani ya ringi za chuma, zile zinaitwa haibridi, hizo kwa mashine yako zina maana na ningekushauri uzifikirie, ila sababu sio hiyo anayokupa fundi wako, na ukizifunga kwa mtindo ule ule uliofungia hizi tatu zitakufa nazo, tena utaumia zaidi kwa sababu ya bei.

Nashukuru sana kwamba umeipasua. Watu wengi beringi ikifa inatupwa, inanunuliwa nyingine, na ushahidi wote unaenda jalalani, halafu mtu anakuja kuuliza ni kampuni gani nzuri. Hiyo mistari yako imenipa karibu nusu ya jibu kabla hata sijafika kwenye suala la chuma au seramiki.

Mistari iliyobanana, imejipanga mzunguko mzima wa njia, na bila shaka ukiziangalia vizuri gololi zenyewe utakuta zimepoteza mng'ao zimekuwa za kijivu, hiyo mara nyingi ni umeme. Ndio, umeme unapita ndani ya beringi yako. Inveta, kile kifaa kinachoongoza kasi ya spindo, haitoi wimbi laini kama la umeme wa ukutani, inakatakata volti maelfu ya mara kwa sekunde, na katika kukata huko kuna volti inajijenga kwenye shafti, kwa sababu spindo ikiwa inazunguka shafti haijagusana na ganda kabisa, imeelea juu ya utando wa mafuta ambao mara nyingi haufiki hata maikromita moja. Volti ikizidi uwezo wa huo utando cheche inaruka toka ringi kwenda kwenye gololi, na pale iliporuka chuma kinayeyuka kadoa kadogo usikokaona kwa macho. Cheche moja haina neno, shida ni kwamba zinaruka mfululizo saa zote mashine iko kazini. Mafuta yaliyo kwenye grisi yanaungua inakuwa nyeusi, njia inajaa vishimo, gololi zinaanza kuruka ruka juu ya vishimo hivyo na mruko huo ndio unaoipanga mistari. Mluzi uliousikia mwanzo na ngurumo iliyofuata vinaendana kabisa na hadithi hii.

Ila usiende haraka ukamaliza hapo, maana alama zinafanana. Kama ungekuta vibonyeo vimeachana sawasawa na nafasi za gololi (gololi kumi na kitu, vibonyeo idadi hiyo hiyo) hiyo ni nyundo, yaani wakati wa kufunga mtu aligonga ringi moja nguvu ikapita kwenye gololi kwenda kwenye ringi ya pili. Kama uso wa njia umemenyeka magamba sehemu moja ni uchovu wa chuma, beringi imebeba mzigo mzito au imeshatumika umri wake. Na ringi ikigeuka rangi ya kahawia au bluu ni joto, mafuta yaliisha au mkazo ulizidi. Yako nadhani ina mistari ya umeme pamoja na joto, na hilo joto tunalijua linatoka wapi.

Linatoka kwenye grisi. Najua inauma kusikia kwa sababu ulikuwa unaijaza kwa nia njema, lakini kwenye kasi kubwa grisi nyingi inaua. Gololi zinapita ndani yake zinaisukuma na kuikoroga saa nzima, nguvu yote hiyo inageuka joto. Na ile iliyoandikwa ya joto kali ni tatizo la pili, nyingi ya hizo zimetengenezwa kuvumilia joto linalotoka nje, kwenye habu ya gurudumu karibu na breki mfano, kwa hiyo mafuta yaliyomo ni mazito. Spindo yako haipokei joto la nje, inalitengeneza yenyewe, na mafuta mazito ndio yanaongeza. Grisi ya spindo ina mafuta mepesi sana, mnato wake kwenye nyuzi 40 ni kama sentistoki (cSt) 15 hadi 30, wakati hizo za habu zinafika 150 au 220. Mtungi wa grisi una karatasi yake ya vipimo, hiyo namba imeandikwa, usinunue bila kuisoma.

Kuna hesabu ndogo watu wa beringi wanaitumia badala ya kutaja mizunguko peke yake. Chukua tundu la beringi na kipenyo cha nje, kwa 7005 ni milimita 25 na 47, wastani wake 36, zidisha na 24,000 unapata 864,000. Beringi kubwa yenye wastani wa milimita 288 inafikia namba hiyo hiyo ikizunguka 3,000 tu, ndio maana mizunguko kwa dakika bila ukubwa haisemi kitu. Sasa grisi za kawaida za kila kazi zinaanza kulemewa kwenye 500,000 hivi. Wewe umeshapita hapo zamani. Kwa grisi sahihi ya spindo 864,000 ni sehemu inayofikika bila miujiza, hata kwa gololi za chuma zikiwa za daraja zuri na zimefungwa vizuri. Hiyo ndo sababu nasema chuma chako hakijafeli kwa kuwa ni chuma.

Sasa tuje kwenye seramiki maana ndo swali lenyewe.

Kitu kinachotokea ndani ya beringi inayokwenda kasi ni kwamba gololi zenyewe zinakuwa mzigo. Zinazunguka na shafti, japo zinabaki nyuma, spindo ikiwa 24,000 zenyewe zinazunguka kama 10,000, na zinataka kurushwa nje. Tuseme gololi ina kipenyo cha milimita 6.35. Ya chuma ina uzito wa gramu moja na kidogo, ya silikoni nitridi, ambayo ndo seramiki ya maana kwenye beringi za kasi, ina gramu 0.43. Ukipiga hesabu kila gololi ya chuma inaisukuma ringi ya nje kwa nguvu ya nyutoni 20 hivi, yaani ni sawa umeitundikia kilo mbili, ya seramiki inasukuma kwa 8.5. Na nguvu hiyo inakwenda na mraba wa kasi, ukishusha spindo hadi 6,000 ya chuma inabaki na nyutoni 1.3 tu, hapo uzito wa gololi hauna habari na seramiki kwa upande wa kasi hukuinunua kwa faida yoyote. Mtu mwenye feni au pampu ya 3,000 akiniuliza kuhusu seramiki kwa ajili ya kasi namwambia abaki na hela yake.

Nguvu hiyo ya kurushwa ina ubaya mwingine zaidi ya kuongeza mzigo. Beringi za aina yako zinabeba kwa pembe, gololi inagusa ringi ya ndani upande mmoja na ya nje upande wa pili. Ikivutwa nje sana pembe za mguso kwenye ringi mbili zinaachana, gololi inakosa kujua iviringike kwa njia ipi na inaanza kuteleza badala ya kuviringika. Kuteleza ni joto na ni kukwangua utando wa mafuta. Gololi nyepesi inapunguza hayo yote.

Halafu kuna hili la joto na kutanuka, na kwa spindo ya maji nalipa uzito kuliko hata hilo la kwanza. Maji yanapooza ganda, ganda linapooza ringi ya nje, lakini ringi ya ndani imekaa kwenye shafti ambayo maji hayaifikii. Ringi ya ndani inatanuka, ya nje imebana, gololi zinakandamizwa katikati na mkazo wa awali uliouweka wakati wa kufunga unapanda, mkazo ukipanda joto linapanda, joto likipanda mkazo unapanda tena. Ikishaanza mzunguko huo beringi inaweza kufa ndani ya dakika chache. Silikoni nitridi inatanuka kama robo ya chuma kinavyotanuka, kwa hiyo gololi zenyewe haziongezi chumvi kwenye hilo tatizo. Na kubwa zaidi kwako: haipitishi umeme. Cheche haina pa kuruka.

Ndio maana nimesema haibridi ina maana kwako. Kasi inachangia kidogo, joto linachangia, lakini umeme ndio unaonifanya niegemee upande huo.

Hasara zake nazo nikuambie, wauzaji hawasemi. Gololi ya seramiki ni ngumu na haibonyei, inapogusa ringi ya chuma eneo la mguso linakuwa dogo, kwa mzigo ule ule mgandamizo unapanda kwa kama asilimia 12. Maana yake kwenye kishindo, mfano umegonga pua ya spindo kwenye meza au kisu kimekwama kwenye fundo la mbao, gololi inabaki salama ila ringi ya chuma inabonyea mapema kuliko ingekuwa gololi za chuma. Kama mwendeshaji wako ni mtu wa kugongesha mashine, haibridi haitamvumilia. Na suala la grisi, hapana, bado inataka. Ni kweli haibridi inastahimili ukame wa mafuta kwa muda kuliko chuma kwa chuma kwa sababu vitu viwili tofauti haviumani na kushikana kirahisi, lakini keji, kile kinachotenganisha gololi, bado inasuguana nazo na bila mafuta kwa 24,000 haifiki mbali.

Seramiki tupu sasa. Hapa fundi wako amesikia kitu cha kweli akakipeleka pasipo pake. Zipo, zinafanya kazi nzuri kwenye kemikali zinazokula chuma, kwenye vifaa visivyotakiwa kuwa na usumaku, sehemu ambazo mafuta hayaruhusiwi na mwendo ni wa pole. Kwa spindo ya kasi ringi ya seramiki ina kasoro ambayo huwezi kuikwepa: haipendi kuvutwa, na ringi ya ndani iliyovishwa kwenye shafti ya chuma inavutwa. Shafti yako ya milimita 25 ikipata joto la nyuzi 50 zaidi inanenepa kwa maikromita 14 hivi, ringi ya silikoni nitridi inanenepa 4. Hizo 10 za tofauti zinakuwa nguvu ya kuipasua ringi kutoka ndani, na seramiki haijui kunyooka kidogo ikaendelea na kazi, inapasuka. Wanaokuuzia watakwambia yao ni zirkonia, ile nyeupe, inatanuka karibu sawa na chuma. Sawa, kwa hilo wako sahihi, ila zirkonia ina uzito wa gramu 6 kwa sentimita ya ujazo wakati chuma ni 7.8 na silikoni nitridi ni 3.2, kwa hiyo faida ya wepesi karibu yote imepotea, na joto halipiti ndani yake kirahisi linabaki pale pale. Ukikutana na beringi ya bei chee inayojiita seramiki ya kasi na gololi zake ni nyeupe, ulizia vizuri. Silikoni nitridi ni nyeusi au kijivu iliyoiva.

Kuhusu chuma chenyewe nisikuache na picha mbaya. Chuma cha kawaida cha beringi, chenye kaboni asilimia 1 na kromiamu 1.5 hivi, kimekuwepo zaidi ya karne na ndicho kilichomo kwenye beringi nyingi duniani. Udhaifu wake ni joto, ukikipeleka zaidi ya nyuzi 120 na kuendelea kwa muda vipimo vyake vinaanza kuhama isipokuwa kimetibiwa maalumu. Injini za ndege zinatumia kingine, M50, chenye molibdenamu na kromiamu asilimia 4 kila kimoja, hicho kinabaki kigumu kwenye joto la nyuzi 300. Wewe hukihitaji, pua ya spindo yako ikifika hata nyuzi 80 tayari kuna kitu kimeharibika. Na mashine nyingine za kasi hazina gololi kabisa: tabo za magari ambazo ndogo zake zinavuka mizunguko 200,000 nyingi zinaelea kwenye bushi zilizojaa mafuta, na mitambo mikubwa ya umeme inakaa kwenye aloi laini ya bati na antimoni ambayo Isaac Babbitt wa Marekani alianzisha mwaka 1839, ulaini wake ndo faida, uchafu ukiingia unazama kwenye aloi badala ya kukwangua shafti. Hayo nayataja tu ujue nyenzo ngumu kuliko zote sio lazima iwe jibu.

Kitu ambacho hukuuliza na ni muhimu kuliko watu wanavyodhani ni hiyo keji. Kwa kasi yako keji ya bati iliyopigwa presi iache, nzito na inakwangua. Utakutana na poliamidi (nailoni) yenye nyuzi za kioo, nzuri na nyepesi mpaka nyuzi 120, au resini ya fenoli iliyotiwa kitambaa cha pamba, hii naipenda sana kwa spindo kwa sababu ni nyepesi na inanyonya mafuta kidogo ikayarudisha polepole. PEEK, plastiki nyingine, nayo ipo, inavumilia joto zaidi, bei yake utajionea mwenyewe. Ukiwa na haibridi ya gololi safi na keji mbovu umenunua nusu ya beringi.

Sasa ningekuwa wewe ningefanyaje. Kwanza umeme, kabla ya kununua chochote. Kebo ya kutoka inveta kwenda kwenye spindo iwe ile yenye ngao na ngao ifungwe athi, ganda la spindo nalo liwe na athi ya uhakika. Kuna spindo za bei ndogo zinakuja pini ya nne kwenye plagi haijaunganishwa na ganda, pima na mita. Hiyo athi ni ya usalama wako zaidi, haifuti cheche zote za kwenye beringi, lakini bila hiyo unafanya kazi pembeni ya kifo. Zima inveta usubiri dakika kadhaa kabla ya kugusa nyaya zake, kapasita za ndani zinabaki na umeme hata ukishachomoa. Kama umeme sio fani yako mwite fundi umeme, hapa usijaribu.

Halafu beringi. Kama unaweka haibridi weka mbele na nyuma. Watu wanaweka mbele tu kubana matumizi, cheche zinahamia ya nyuma iliyobaki na gololi za chuma, na baada ya muda wanasema seramiki ni uongo. Mbele kama zinakaa mbili nunua jozi iliyolinganishwa kiwandani, zina alama ya V pembeni, usichanganye moja ya huku na nyingine ya kule. Ukiona beringi imeandikwa P4, hilo ni daraja la usahihi wa vipimo, sio la nyenzo, unaweza ukawa na seramiki ya daraja bovu na chuma cha daraja safi, na kwa 24,000 ukinilazimisha kuchagua kati ya hizo mbili nachukua chuma safi. Dukani nenda na mita: ukipima ringi ya ndani na ya nje kwenye haibridi ya kweli yenye keji ya plastiki au fenoli umeme haupiti. Kwa chuma mara nyingi unapita.

Kwenye kufunga, zilizozibwa zinakuja na grisi ndani na huongezi chochote, hata kidogo. Zilizo wazi weka robo hivi ya nafasi iliyopo au pungufu, utaona ni kidogo mpaka utatamani kuongeza, usiongeze. Ringi ya ndani ipashe joto ivae kwenye shafti yenyewe, nyundo iweke mbali. Halafu izoeshe: anza na kasi ya chini, robo ya ile ya mwisho, kama dakika ishirini, shika pua, pandisha kidogo, subiri tena. Joto litapanda halafu lishuke na kutulia grisi ikishajipanga, hiyo ni kawaida. Ikipita nyuzi 60 kwenye pua na bado inapanda simamisha, iache ipoe, rudia. Kazi hii inakula nusu siku na wengi wanairuka, wanafunga asubuhi mchana wako 24,000.

Kama hela haitoshi kwa haibridi mbele na nyuma, rekebisha athi na grisi, funga chuma cha daraja zuri, baada ya mwezi fuatilia sauti na joto. Mistari ikirudi basi umeme bado unapita na hapo haibridi inajilipia. Kuna pia brashi ya athi inayogusa shafti, inaupa umeme njia nyingine, ila kwenye spindo ndogo kupata pa kuifunga ni kazi.

Yapo mambo ambayo kwa maandishi siwezi kukusaidia, peleka spindo kwa karakana yenye vifaa. Weka saa ya kupimia ndani ya koni inayoshika koleti (kishikio cha kisu), zungusha kwa mkono, ikichezea zaidi ya milimita 0.01 ukiwa na beringi mpya basi shafti imepinda au sehemu ya kukalia beringi imelika, na hapo hata ununue gololi za almasi zitakufa. Ulinganifu wa uzito nao unataka mashine: gramu moja tu iliyokaa pembeni milimita 10 inazalisha nyutoni 63 kwa kasi yako, zinazunguka mara 400 kwa sekunde. Na ukigusa ganda la mashine ukahisi umeme unakutekenya, izime na usiiwashe tena mpaka fundi umeme aione.

Ile seti ya mwisho uliyoipasua usiitupe, ipeleke nayo, pamoja na ile ya nyuma kama bado unayo.